Maji ya Kombe Chini ya Darubini

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu, Mwalimu wa chuo cha Kurani, Kilwa Kivinje

Shikamoo Baba. Shikamoo nyingine ni ya mjukuu wako Zuhura, ambaye sasa anajua kuitamka ila anamwamkia paka. Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinuka kwenye msala baada ya kusali? Na Mama, kifua chake? Mwambie nimesema aache kupikia kuni mbichi; zikauke kwanza, na asione haya kuazima kavu kwa jirani. Sisi huku tu wazima. Neno hilo wazima nakuomba ulisome mara mbili, maana mwezi uliopita nisingeweza kuliandika.

Nipo uani, nimeegemea ukuta wa jiko, Omari yuko titini. Ukiona herufi zimepinda usiseme nimesahau ulivyonifundisha, ni yeye anavuta mkono. Salum amekwisha kunifundisha zile herufi za serikali, lakini barua hii nimetaka niiandike kwa herufi zako za Kiarabu, zile ulizoniandikia kwenye ubao nikiwa sijaota jino la ukubwa. Mambo mazito yakufikie kwa mkono ulioufunza mwenyewe.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma peke yangu, sikumpa mtu anisomee. Umesema Shangazi Tatu amekueleza alichokiona kwa macho yake: kwamba mume wangu Salum alilitia neno la Mungu chini ya kioo, akatangaza mbele ya watu kuwa lina wadudu. Umesema aliyenena hivyo ametoka katika dini, na aliyetoka katika dini ndoa yake imevunjika, haihitaji hata talaka. Umesema Ami Jabiri atakuja na meli ya mwezi ujao anichukue mimi na watoto, nikakae eda kwako. Na mwisho umeandika maneno ambayo nimekuwa nikiyatafuna tangu siku hiyo, kwamba elimu hii ya vioo haina nafasi ya Mungu ndani yake, na nyumba isiyo na nafasi ya Mungu, wewe mwanangu unakaa chumba gani?

Sikuudhika, Baba. Niliogopa. Niliikunja barua nikaiweka chini ya mtungi, nikakanda unga, nikaitoa nikaisoma tena.

Basi nisikilize mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukimsikiliza mwanafunzi hata akikosea aya, unamwacha afike kituo ndipo umrudishe. Shangazi hakusema uongo. Ila yeye aliona nusu akaondoka, na mimi nilibaki.

Unakumbuka Salum alipokuja kuposa alisema kazi yake ni kuosha vioo hospitali, Ami Jabiri akacheka mpaka kofia ikaanguka: "Mwanamume mzima anaosha vikombe vya Wazungu!" Havikuwa vikombe. Ni vipande vya kioo vyembamba, upana wa vidole viwili, ambavyo hupakwa tone la damu ya mgonjwa. Siku hizi haoshi tu. Yeye ndiye anayechoma kidole, anapaka damu, anaitia rangi, kisha anaitazama kwa darubini. Si ile darubini ya watu wa meli ya kutazamia mbali. Hii inatazama karibu, Baba, karibu kuliko karibu. Anachokiona anakiandika, na Daktari Mkubwa, Mzungu, anatoa dawa kwa kufuata maandishi yake. Watu wanaishi au wanakufa kwa ukweli wa jicho la Salum. Nilikuwa nalijua hilo kwa kuambiwa. Sikuwa nalijua kwa kuliona.

Homa ya Zuhura ilianza Jumapili sokoni. Nilikuwa kwenye vitumbua vyangu, Omari mgongoni, yeye chini ya meza anacheza na vifuu vya nazi. Mara akaacha. Mtoto akiacha kifuu chake bila kunyang'anywa, mama anajua. Nilipomgusa alikuwa wa moto kama kikaango. Niliacha vitumbua juu ya moto, nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, "Vikiungua, uvile wewe."

Shangazi alikuwa amefika juzi yake na ile sahani yako nyeupe. Kwa kweli aliibeba kwa heshima, ameifunga kanga mbili, na anasema hakuiweka chini tangu Kilwa hata kwenye mawimbi. Ulikuwa umemwandikia Omari kombe la kinga la kuoshwa na kunywewa, Ayatul Kursi yote kwa zafarani, mkono wako ule mwembamba ambao ningeutambua hata gizani. Shangazi alipoona hali ya Zuhura akasema, "Basi Mungu amelileta kwa huyu. Leta maji niliroweke."

Hapa ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa heshima. Mtaani kwetu kuna bomba la serikali pale kona, ndilo tunalokunywa. Nikashika ndoo niende. Shangazi akanizuia.

"Bomba? Maji yaliyotambaa kwenye matumbo ya chuma ya Wazungu, niyaoshee maneno ya Mungu? Thubutu!"

"Shangazi, kile kisima cha uani tunafulia tu. Salum amekataza tusikinywe."

"Salum ndiye aliyeumba maji? Maji ya ardhi ni ya Mungu. Ya bomba ni ya Bwana Afya."

Bwana Afya ni yule anayepita kila juma kutupindulia vifuu na makopo, asikute mbu. Wanawake wote uani wakacheka, nami nikacheka, na huku nacheka nikamwacha akachota kisimani, pale pale ambapo bata wa jirani huogea. Hilo kosa ni langu pia. Nilichoka, Baba. Nilikuwa sijalala kwa sababu ya Omari, na mtu aliyechoka hukubali la aliye karibu naye.

Salum alikuwa zamu ya usiku, na mtoto usiku kucha hakukubali kumeza kitu. Alfajiri tukatoka kwenda hospitali, mimi na Zuhura begani, Omari kwa Shangazi, na kombe kwenye chupa ndani ya buibui lake. Ving'ora vya karakana za reli kule mtaa wa Gerezani vilikuwa vinaita watu kazini, na kila vikilia mtoto anashtuka anachimba kucha shingoni mwangu. Alama bado ninazo.

Chumba cha Salum ni kidogo, kina dirisha moja kubwa na meza mbili. Meza ya pili ni ya Bwana Jeram, Mhindi anayechanganya rangi na dawa, mtu mpole mwenye miwani. Baba, umesema katika elimu hii Mungu hana nafasi. Nikaingia nikakuta kwenye rafu, kati ya chupa ya spiriti na chupa ya kwinini, mungu wa Bwana Jeram amekaa kwenye picha yake, amewekewa ua la asumini ndani ya kikombe cha kupimia dawa. Najua habari hiyo haikufurahishi! Nakwambia tu nilichokiona. Nafasi ipo, mpaka wageni wameshaichukua.

Salum alipotuona alisimama. Hakumbusu mtoto, wala hakumwita jina. Alimchukua kidole kama anavyochukua kidole cha mtu yeyote, akachoma, akapaka, akaweka kioo kikauke, akatia rangi, akasubiri, akakiosha, akakisubiri tena. Nikamchukia, wallahi. Nikasema moyoni, huyu ni baba au ni karani? Halafu akainama kwenye darubini, na kabla jicho halijagusa kioo nikaona midomo yake inatikisika. Nilikuwa karibu, nikasikia. Bismillahi. Hakuisema kwa ajili ya mtu kusikia. Ikumbuke Baba, nitairudia.

Akatazama sana. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mama Zuhura, njoo uone."

Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe, nene kama nyasi, nikadhani ndio ugonjwa. Bwana Jeram akacheka, akanionyesha jinsi ya kutulia. Nikatulia. Ndipo pakafunguka.

Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa kama kufunua mkeka ukakuta chini yake kuna mji. Damu ya mwanangu, ambayo mimi naijua kuwa ni wekundu tu wa kufuta kwa kanga, kumbe ni visahani, maelfu kwa maelfu, vya rangi ya waridi, vimelala ubavu kwa ubavu kana kwamba kuna mtu alivipanga. Na ndani ya kimoja, pete. Pete kamili, Baba, ya buluu, ina kito kimoja chekundu kama yakuti. Nikasogeza kidogo kama nilivyofundishwa, nikaona nyingine. Na nyingine. Nimeona pete za wake za Waarabu na za Wahindi wenye maduka hapa mtaani, sijaona sonara aliyefua kitu chembamba namna ile.

"Ndiye huyu?" nikauliza.

"Ndiye," akasema Salum. "Ndiye anayemchoma."

"Mbona mzuri?"

Bwana Jeram ndiye aliyesema, "Mama, hata simba iko nzuri."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake. Akasema, "Mpeni mtoto kombe lake. Hizo pete mtavishana baadaye."

Salum akaiona ile chupa. "Shangazi, maji umeyatoa wapi?"

"Kwenye ardhi ya Mungu."

"Ardhi ipi?"

"Mna ardhi ngapi huku Dar es Salaam? Kisimani kwenu!"

Salum akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Akamwomba Shangazi chupa kwa mikono miwili, akachovya kijiti cha kioo, akadondosha tone moja chini ya darubini, akainama. Kisha akasema maneno yale, na mimi sikuongezei wala sikupunguzii. Alisema, "Kombe hili lina wadudu. Mtoto asinywe."

"Umesemaje?"

"Lina wadudu, Shangazi. Njoo utazame mwenyewe."

"Nitazame? Nikufuru kwa jicho langu mwenyewe? Neno la Mungu lina wadudu! Astaghfirullahi! Astaghfirullahi!"

Akanipa Omari, akatoka, na hiyo astaghfirullahi yake ikapita benchi hadi benchi, wagonjwa wote wakageuka. Mke wa Mwarabu mwenye duka la nguo mtaani kwetu alikuwa pale na mwanawe, akamvuta mtoto akasema, "Kumbe humu ndimo mnamosomea ukafiri." Salum alikuwa bado ameshika kijiti cha kioo, kinadondoka. Shangazi tulimkuta nyumbani amefunga mzigo, hakuzungumza nasi, na meli ya kwanza ikamrudisha kwako na nusu yake ya habari.

Nusu ya pili ndiyo hii.

Alipotoka, nikainama nikatazama tone lile. Zafarani yako ilikuwa kama jua la asubuhi ndani ya maji, yote dhahabu. Na ndani ya dhahabu hiyo walikuwa wanaogelea. Wengine kama makubadhi madogo ya kioo, wana nywele pembeni zinazopiga kama makasia. Wengine kama kengele juu ya uzi, wanajikunja na kujikunjua. Hawakuwa na haraka wala fujo. Kila mmoja anajua njia yake, akigonga kitu anarudi nyuma anageuka anajaribu pengine, na hakuna aliyemfundisha. Mmoja nilimwona anakatika katikati. Nikasema, "Maskini, huyu anakufa." Salum akasema, "Huyo anazaa." Mimi niliyemzaa Omari kwa siku mbili na kucha za mkunga! Nikacheka mpaka nikalia, na mtoto mgonjwa begani.

Nikakaa chini. Nilikuwa nakumbuka aya ile ile iliyokuwa imerowekwa kwenye maji yale, kwamba vyote vilivyomo mbinguni na ardhini ni vyake, na kwamba watu hawajui chochote katika elimu yake ila kile anachopenda wajue. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni, tena upesi upesi ili niende kucheza. Sikujua kwamba "vyote" ni vingi kiasi kile. Vingi kiasi kile katika tone!

Bwana Jeram akasema, "Salum, mwaga hiyo, andika ingine, maji safi iko."

Salum akasema, "Nimwage wapi? Kwenye ndoo ya damu? Kwenye mfereji? Haya ni maneno ya Mungu, Bwana Jeram, hayamwagwi."

Akaichukua sufuria mpya, akawasha jiko la mafuta ya taa wanalochemshia sindano, akalichemsha kombe lako. Likachemka, likapoa. Akatia tone jingine chini ya kioo, akaniita tena. Hakuna aliyetikisika. Dhahabu ilikuwa vile vile, haikupungua hata kidogo. Akamsagia Zuhura kwinini katika asali, mtoto akatema, akamsagia tena, akameza. Kisha Salum mwenyewe, kwa mkono wake, akamnywesha kombe la babu yake mpaka tone la mwisho. Ndipo akamwita jina. Ndipo akampa Bwana Jeram kikombe, akamkumbatia mwanawe.

Mtu huyo ndiye uliyeambiwa ametoka katika dini.

Siku ya tatu, saa za mchana, Zuhura alitokwa jasho likalowanisha mkeka, akafumbua macho akasema, "Kitumbua." Nilimpa vitatu. Nilikosa akili kwa furaha, ningempa kikaango chote.

Sasa Baba, mimi ni mwanao, sikuweza kuacha. Nikamuuliza Salum, "Kipi kimemponya? Kwinini au kombe?"

Akasema, "Nimetazama damu yake tena. Zile pete hazimo. Kwinini imeziua, hilo naliapia. Kombe limefanya nini, sikuliona. Sijui."

"Sijui ndiyo jibu la mtu mzima?"

"Ndiyo jibu la kazi yangu, Mama Zuhura. Siku nitakayosema nimeona nisichokiona, au sikuona nilichokiona, siku hiyo mtu atakufa."

Sikuridhika. Tuliporudi Zuhura apimwe tena, Daktari Mkubwa alikuwapo, mrefu, shati limeloa mgongoni. Salum akanikanyaga mguu ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Bwana Daktari, wewe umetazama kwenye darubini miaka mingi. Mungu yuko au hayuko?"

Bwana Jeram alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Daktari alinitazama kama anayetafuta mzaha usoni mwangu, hakuuona. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, mimi hapana jua." Akaweka mkono juu ya darubini. "Hii mashini iko kwa kitu dogo. Mungu, kama iko, iko kubwa. Hapana ingia hapa." Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. "Mimi zamani nafikiri sisi karibu kumaliza. Sasa kila mwaka naona kitu mupya. Bado mingi, mama. Bado mingi sana."

Nilitegemea atasema hayuko, ili nimchukie vizuri. Au yuko, ili nikuandikie upesi. Hakunipa lolote kati ya hayo, na bado nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mtu anayetoka msikitini.

Nimekuwa nikifikiri nikikanda unga. Pete zile hazikuja na Wazungu. Zilikuwamo katika damu ya bibi zetu wote, zikiua, na hakuna aliyeziona mpaka kioo kilipopatikana. Basi mtu anayesema "sikioni, kwa hiyo hakipo" ameshakosea mara moja, na vioo hivyo hivyo ndivyo vinavyomshuhudia. Salum anasema kila anapofungua mlango anakuta mlango mwingine, hajafika kwenye ukuta. Umeniuliza nakaa chumba gani. Nakaa hapo, Baba. Katika nyumba ambayo mume wangu anaifungua milango, na hajakuta pahali palipoandikwa kwamba Mwenyewe hayupo.

Lakini sitakuficha jambo moja. Nilikasirika pia. Juu ya msala, baada ya laasiri, nikauliza: Aliyeifua pete ile nzuri ndiye aliyemfinyanga Zuhura? Na kama ndiye, kwa nini ampe adui wa mwanangu kito? Sina jibu. Salum hana. Sidhani Daktari analo. Labda wewe unalo katika vitabu vyako, na kama unalo niandikie, usinifiche kwa sababu mimi ni mwanamke. Ila hata nilipokuwa nimekasirika, nilijua kuna ninayemkasirikia. Mtu hagombani na chumba kitupu.

Nilimsomea Salum barua yako yote. Nilipofika pale unapomtaka atoe shahada upya mbele ya watu wawili, alisema, "Sijatoka. Nirudi kwa mlango gani?" Kisha siku mbili hakula chakula vizuri. Ameumia, Baba. Yeye anakupenda, anasema wewe ndiye mtu wa kwanza kumwita mwanangu baada ya baba yake kufa.

Kwa hiyo ushahidi nautoa mimi. Nilimsikia akitaja jina la Mungu kabla ya kutazama, na hakujua nasikia. Najua katika vitabu vyako shahidi mmoja mwanamke hatoshi. Basi nilikwenda kwa Bwana Jeram, nikamuuliza. Akasema, "Kila siku, kila kioo. Yeye sema ile neno yake, mimi ngoja, halafu yeye tazama." Huyo ndiye shahidi wangu wa pili, na si Mwislamu. Haya, Mwalimu, kazi unayo.

Sitarudi, Baba. Nakwambia kwa heshima zote, na hapa nimepiga goti nikiandika. Ndoa yangu haijavunjika. Ami Jabiri akitaka kuja aje kama mgeni, nitampikia, na Salum atampeleka atazame kwenye kioo kwa jicho lake, na kofia aishike.

Kuna moja la mwisho, nimelizunguka barua nzima.

Ni Hamisi. Mdogo wangu. Unakumbuka alivyokuwa akiandika ubao wake, akiuosha, na badala ya kuonja maji yake kama wenzake anakunywa yote, halafu anauandika tena ili anywe mara ya pili, apate kuelewa upesi akupendeze? Maji yalikuwa ya kile kisima cha nyuma ya chuo, kinachojaa mvua zikizidi. Na mwaka ule mvua zilizidi, tumbo likamshika, ukamwandikia kombe juu ya kombe mpaka zafarani ikaisha nyumbani, na ukaliroweka kwa maji hayo hayo kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo, mpaka tukamzika.

Sijui, Baba. Nasema kama Salum, sijui. Tone lile hakuna aliyelitia chini ya kioo, na sasa hakuna atakayeliona. Huenda ilikuwa ni kitu kingine kabisa. Wewe ulimpa kilichokuwa bora kuliko vyote ulivyonavyo, na Mungu anajua, na mimi najua. Nisingelitaja kama watoto wasingekuwa bado wanaosha mbao zao pale leo.

Nisalimie Mama, mwambie kanga niliyomnunulia nitampa Ami akija. Nisalimie Shangazi Tatu, mwambie simkasirikii. Yeye ndiye aliyelibeba kombe bila kuliweka chini, na mtoto amelinywa. Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, na bibi mzaa mama, mpigie sauti karibu na sikio. Nisalimie yule mwanafunzi wako mkubwa anayekusaidia kusomesha, yeye ndiye nitakayemtaka ashike kazi ninayokuomba hapa chini, kwa sababu mgongo wako hauwezi kubeba kuni.

Na wewe, nitumie sahani nyingine. Omari bado hajapata kombe lake. Liandike refu, kwa mkono ule ule. Nitaliroweka mwenyewe kwa maji ya bomba yaliyochemka, na Salum atamnywesha.

Na pale chuoni, kabla mbao hazijaoshwa, weka sufuria kubwa motoni. Chemsha maji, Baba. Usihofu. Nimeangalia kwa jicho langu, kabla ya moto na baada yake: neno la Mungu haliungui.

Mwanao anayekupenda,
Mwanahawa